Nilivyomweleza Hamisi Mbele ya Pasta

Jumatano, 4 Machi 1981
Kutwa kibandani naziba pancha za baiskeli tu. Mikono myeusi ti. Jioni darasa la ubatizo. Niliingia wa mwisho, nikajibu wa kwanza, kawaida yangu. Wale wa kidato cha nne wakabaki kukodoa macho. Na mimi shule niliachia darasa la sita!

Pasta katoa mtihani. Chagua mtu wa imani nyingine, ueleze anavyoiona dunia, mwenyewe akiwa ameketi hapo. Akisema ndivyo, unabatizwa Pasaka. Akikataa, mwakani.

Rahisi. Nimemchagua Hamisi, kipa wa timu yetu ya mtaa. Tumekaa mlango kwa mlango hapa mtaani Jericho tangu tukiwa na makamasi.

Ijumaa, 6 Machi
Mathe amewatangazia majirani wote kwamba Pasaka mwanawe anabatizwa. Kitambaa cha shati jeupe kiko kwa fundi. Kujitayarisha? Ya nini?

Jumatano, 11 Machi
Aibu.

Hamisi alivua viatu mlangoni kwa heshima, akaketi. Nikasimama, kifua mbele. Nikasema Waislamu wanaswali kwa woga tu, Mungu asije akawachapa. Nikaigiza Hamisi akisujudu, matako juu. Darasa likaangua kicheko. Nikanogewa, nikarudia.

"Huyo si mimi," Hamisi akamwambia Pasta. Akavaa viatu, akaenda.

Pasta akasema nimeeleza mtu niliyemtunga mwenyewe. Amenipa wiki moja zaidi. Mathe sijamwambia.

Jumamosi, 14 Machi
Mechi. Hamisi hakutokea. Tukafungwa mpaka refa akatuhurumia. Nimekasirika naye. Uongo. Nimejikasirikia.

Jumapili, 15 Machi
Nikaenda kwao Hamisi. Nikaomba msamaha.
"Leo umekuja kuigiza nini?"
"Nimekuja kusikiliza."
"Wewe? Mama, njoo uone maajabu!"

Akacheka, basi nikakaa. Yeye ni tarishi ofisini huko mjini, kutwa anaitwa boi. Akiswali, anasema, anajua yeye ni mja wa Mungu, na wa Mungu peke yake. Bosi ni mtu tu. Hiyo ndiyo heshima yake. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza!

Jumatano, 18 Machi
Hamisi akaja darasani tena, nikaeleza hivyo hivyo. Polepole, bila mbwembwe. Nikidhani nimemaliza, Pasta akauliza: na wewe, kiimani, unaachana naye wapi?

Hamisi ananitazama. Ningeweza kulimeza jibu. Nikasema mimi namwita Mungu Baba, kwa sababu ya Yesu. Hamisi halikubali hilo. Mimi siwezi kuliacha.

"Hilo ni lake," Hamisi akasema. "Lakini huyo aliyemweleza ni mimi kabisa."

Nimepita! Wawili wa kidato cha nne wameanguka. Nimewapa pole, kidogo tu.

Alhamisi, 19 Machi
Mvua. Hakuna baiskeli hata moja. Nimekaa kibandani na kikombe cha chai, nikaomba. Kila siku huwa nampangia Mungu kazi: huyu mfanye hivi, yule vile. Leo nilipofika kwenye kumwombea Hamisi nikataja jina lake tu, mengine nikamwachia Mungu.