Samaki wa Pascal walianza mapema

Gracieuse, leo nimejiaibisha mbele ya kanisa lote.

Tulikuwa tunamaliza matanga ya Pascal. Shemeji Jules akasema tukaange wale tilapia wa marehemu, wa kwenye tangi hapa nyuma. Nikakubali. Unajua Pascal hakugusa samaki wakati wa kuzaa, lakini huwa wanangoja maji yapate joto, mwezi wa kumi hivi. Huu ni wa tisa tu.

Nilisahau ule upepo wa moto wa mwezi wa nane.

Jules akatoa jike kubwa, kisu mkononi. Likafungua mdomo, watoto wakamwagika kwenye beseni. Watoto, Gracieuse! Walikuwa mdomoni, ndimo mama yao anamowalea!

Nikapiga kelele: "Rudisha! Rudisha wote kwenye maji!" Mimi, mjane wake, ambaye hata makaburini sikulia.

"Eish, shemeji, ni samaki tu. Watu wana njaa."

"Maharagwe iko. Wapatie maharagwe."

Nikatia mkono kwenye tangi. Vuguvugu kabisa. Pascal alikuwa anatia mkono kila asubuhi. Mimi, tangu afe, leo ndiyo mara ya kwanza.

Wamekula maharagwe, wameenda. Nimechoka sana.

Mlangoni Jules aliniuliza kama matanga yameisha au bado. Nikarudi kwenye tangi, nikatia mkono tena.