Kugonga Mtungi Mara Tatu

Placencia, 3 Machi

Dada Verlene mpenzi,

Hujambo huko Belmopan? Sikio linaendeleaje, bado linavuma? Sisi wazima. Mama anakusalimu, na mikate ya nazi hiyo kakuokea mwenyewe.

Nina habari kubwa! Tangu sikio lako lipasuke mwaka jana, Kapteni Orvil hakuwa na mzamiaji wa mashindano ya kuwinda samaki-simba. Sasa amenipa mimi nafasi yako. Mwezi wa Mei nitazamia Mwamba wa Mwari, mwamba wako. Samaki-simba hawa wavamizi wamewamaliza samaki wachanga kule.

Usihofu, nafuata masharti yako yote. Sirushi mkuki bila uhakika, maana aliyekoswa hujifunza kujificha. Matumbawe siyagusi. Anayechomwa anaingia papo hapo kwenye mtungi wa kubebea samaki. Hata kule kugonga mtungi mara tatu kabla ya kuufungua sijaacha, ingawa hukuniambia ni kwa nini.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu mwamba ule? Pokea na herini, nimezitengeneza kwa mapezi ya samaki-simba.

Mdogo wako,
Ismay

Belmopan, 29 Machi

Mdogo wangu Ismay,

Salamu zimefika. Mimi mzima, sikio nimelizoea. Mikate ilifika imekauka, lakini nimeila yote.

Kwa hiyo Orvil hakusubiri hata kiti changu kipoe. Miaka kumi na moja nimezamia naye, na leo ndiyo nasikia nilikuwa na nafasi, baada ya yeye kuigawa. Hongera. Mimi huku napiga mihuri kwenye fomu za watu na kuangalia feni ikizunguka. Nakuonea wivu, nisikufiche. Tangu utotoni ulirithi nguo zangu zikishanibana, lakini nafasi hii ilikuwa bado inanitosha.

Herini nimempa mwenzangu wa ofisini, zinamfaa zaidi.

Kuhusu mwamba, hakuna la kujua. Si wewe ndiye bingwa sasa?

Dada yako,
Verlene

Placencia, 6 Juni

Dada,

Salamu. Naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe mwandiko.

Siku ya mashindano nilifika Mwamba wa Mwari nikiwa tayari na samaki thelathini na wanne. Wa thelathini na tano yuko kwenye mkuki, nikagonga mtungi mara tatu. Papa akatoka chini ya mwamba, mnene, hana haraka, akanijia moja kwa moja kama mtu aliyeitwa mezani. Alichukua samaki na vidole vyangu viwili.

Orvil alinifunga kwa shati lake, akatukana njia nzima. "Mpumbavu gani amekuwa akimlisha mnyama huyu? Nani kamzoesha?" Sikutaka jina lako litajwe mashuani.

Ulijua?

Ismay

Belmopan, 11 Juni

Ismay, mdogo wangu,

Hata kukuuliza hali naona aibu.

Nilijua. Nilianza kumlisha papa huyo kwa majivuno, ili watalii niliozamia nao wapige picha za Verlene anayemwita papa kwa kugonga. Orvil alikuwa amekataza, kwa hiyo nilifanya akiwa juu mashuani. Wewe uliniona nikigonga kwa mazoea hata kwenye miamba mingine, ukadhani ni desturi ya kazi, nami nikakuacha udhani hivyo.

Uliposema bado unagonga, nilishika kalamu nikuonye, nikaiweka chini. Nilitaka papa akunyang'anye samaki, ushindwe, Orvil aseme hakuna kama Verlene. Vidole vyako sikuvitaka, naapa.

Herini sikumpa mtu. Nimezivaa sasa hivi ninapoandika. Nimeomba ruhusa kazini. Nije Jumamosi?

Dada yako,
Verlene

Placencia, 20 Juni

Dada Verlene,

Mama hajambo. Mkono unapona, nimeanza kushika kijiko.

Usije. Nimemweleza Orvil kila kitu, na safari hii hakutukana. Amesema papa hana kosa na hatutamuua. Tusimpe chochote tena, ataacha mwenyewe. Kila Jumapili Orvil anapeleka mashua mwambani, anatumbukiza mtungi mtupu majini na kuugonga mara tatu.

Bado papa anakuja. Jumapili ambayo hatakuja, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Ismay