Picha ya ndege ya Zawadi

Jumapili, Kigali

Nilimwambia askari wa kambi ya Kanombe, kando ya uwanja wa ndege, kwamba barabara ni ya wote. Akanijibu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyonikera zaidi: "Barabara iko ya wote, muzee. Lakini ukuta ya kambi iko kwenye picha. Futa."

Ukuta! Mimi niliona ndege tu, na mwanangu Zawadi yumo ndani, anahamia Kanada. Mwenyewe aliniomba: "Baba, nipige picha tukiruka."

Nikafuta. Akanisimamia begani mpaka nikafuta na kule picha zilizofutwa zinakokaa. Ikatokea picha ya asubuhi, Zawadi mlangoni na begi lake.

"Huyu nani?"

"Binti yangu. Yumo kwenye ndege uliyonifutisha."

Akatazama juu, lakini ndege ilishapotea. "Pole, muzee." Tangu hapo hakuna aliyenisemesha.

Tangu nirudi nyumbani, cherehani yangu sijaigusa. Redio nimeiwasha, nikaizima. Nyumba hii, sijui nitaizoea vipi...

Sasa hivi ameandika kutoka wanakobadilishia ndege: "Baba, picha uliipata?"

Nimemjibu imetoka vizuri sana.

Anasema nimtumie.