Ngamia Alipoketi, Mshale Ulipanda

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai. Kugonga kioo cha geji. Kuwasha pikapu. Mshale wa mafuta umesimama nusu. Jana ulisimama nusu, juzi pia. Naipenda pikapu hii, haina njaa.

Fundi Musyoka amenicheka. Anasema ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka, nalo linashuka na mshale unalifuata. Lakini tangi si ndoo. Juu pana, chini jembamba, kwa hiyo nusu ya chini huisha upesi. Tena gari likiinama, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya hudanganyika.

"Geji zote zinadanganya kidogo," akasema. "Yako tu ndiyo haina aibu."

Nimeudhika. Gari la mtu halitukanwi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemchukua ndama wa ngamia sokoni. Jike, mweupe, macho ya dharau. Huyu ndiye atakayenipa mke. Baba wa mchumba wangu Hodan ametoa sharti: nimfikishe ndama kwao Bura kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya sala ya Ijumaa, la sivyo nikah isubiri. Jumatatu anahama na mifugo, na hajui atarudi lini. Haniamini. Mimi nauza simu Garissa, kwa hiyo anadhani sijui mbele ya ngamia wala nyuma.

Si kweli. Mbele ndiko kunakouma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majaribio. Mimi na ndugu zangu tumemfunga ndama magoti, tukamketisha nyuma kabisa. Pikapu ikalalia nyuma. Mshale ukapanda mpaka robo tatu! Mashallah. Ngamia wa baraka.

Mama ameniambia nijaze mafuta. Nikamwonyesha mshale. Akanitazama vile anavyomtazama baba akisema anaijua njia. Sikujaza.

Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Naandika kando ya barabara. Gari limezimika. Mshale: robo tatu!

Nimeugonga. Nimeubembeleza. Nimeutukana, Mungu anisamehe. Mtandao hakuna, na mimi ndiye muuza simu. Ndugu zangu wametangulia Bura na gari la shangazi. Naogopa kweli. Hodan ananingoja amepakwa hina.

Nimemfungua ndama, akaruka chini mwenyewe. Nyuma ya pikapu ikainuka. Na mshale, taratibu, bila haya, ukashuka mpaka sifuri. Basi nimeelewa. Mafuta kidogo yaliyobaki yalikuwa yamejikusanya nyuma, chini ya kitako cha ngamia, yakaliinua boya. Nimejaribu kuwasha. Likakohoa mara moja, likanyamaza.

Tunakwenda kwa miguu.

Ijumaa, jioni

Nimeoa! Alhamdulillahi.

Ndama alinikanyaga kidole, kisha akagoma. Nikamwimbia wimbo wa kunyweshea ngamia, wa babu, ndio pekee ninaoujua. Akanifuata. Sauti yangu ni mbaya. Nadhani alitaka tufike ili ninyamaze.

Tuliingia Bura adhana inaanza. Vumbi mpaka kwenye nyusi, kamba mkononi. Baba yake Hodan akatoka, akanitazama, akatafuta gari kwa macho. Hakuna gari. Akawaambia wazee kwamba vijana wa mjini huleta ngamia kama magunia ya sukari, lakini huyu amemleta kwa miguu yake, kama zamani. Wazee wakanisifu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Kisha akainama kumkagua ndama. Akaziona alama za kamba magotini. Akanisogelea sikioni na kusema kwa Kiswahili chake kisichojua 'p', lugha anayoitumia kwa maofisa na magari:

"Gari yako amebiga magoti wabi?"

Nilitaka kufa.

"Adeer, ami yangu, nyuma kidogo," nikasema.

Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akanishika mkono, tukaingia msikitini.

Jumapili, 12 Oktoba

Tunarudi Garissa. Asubuhi mkwe alituleta hadi kwenye pikapu, akanipa jerikeni la petroli, limefungwa kamba ileile ya ndama kwenye mpini. Nimempenda mzee huyu.

Nikamimina kidogo, nyingine nikaiacha akiba. Mshale ukapanda, ukasimama nusu. Mzuri, mtulivu. Nikamwambia Hodan twende.

Hodan akashuka. Akaitikisa pikapu kwa bega, kama anavyotikisa kibuyu cha maziwa, akatega sikio.

"Jaza," akasema.

Nimejaza.