Goti la Mzee Abdullahi

Mama Rehema,

Niwie radhi kwa kimya cha wiki tatu. Binti yako amenifanya msaidizi wake katika kliniki ya Dagahaley.

Mgonjwa wake, Mzee Abdullahi, alivunjika paja na sasa goti halikunjiki. Huku mkamuaji wa ngamia husimama kwa mguu mmoja, akiegemeza chombo cha maziwa juu ya goti la pili alilolikunja. Kwa hiyo mzee hawezi kukamua.

Jana ililetwa kwa faksi ripoti ya utafiti kuhusu magoti kama hayo. Rehema, akiwa ameshika mguu wa mzee, aliniomba niwasomee kwa Kiswahili. Kurasa tisa zinaeleza umri wa wagonjwa na nafuu waliyoipata. Tiba yenyewe imepewa sentensi moja: walipewa mazoezi ya kawaida. Kawaida ya nani?

"Mara ngapi kwa siku?" mzee akaniuliza. "Angalia nyuma ya karatasi, Mwalimu."

Nyuma palikuwa patupu.

"Mimi nikitibu mguu ya ngamia, nasema choma na chuma ya moto mara tatu, chini ya goti, halafu apumzike siku saba," mzee akasema. "Hata mtu ya Modogashe, huko mbali, akisikia, atafanya hivyo hivyo. Hawa wamesoma wapi?"

Rehema anakisia tu idadi ya mazoezi, lakini kila mkunjo wa goti anauandika daftarini. Ijumaa wana wa mzee watahama na ngamia, naye hajaamua kubaki au kuwafuata.

Umeze dawa zako za presha, mke wangu. Mzee akishaamua nitakuandikia, na nitataja alikunja goti mara ngapi.

Baba Rehema