Kikombe Ulichotumwa Kunusa

Jumapili, tarehe 14 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za kaka yako. Natumaini bahasha hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanao. Sisi tunasukuma siku, nazo siku zinatusukuma. Najua utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Nimejaribu kwa simu zaidi ya mara moja, lakini kila ukipokea unaniita wifi mchawi, nacheka, na nikishacheka neno lenyewe halitoki tena.

Uliuliza kaka yako anaendeleaje. Amekonda. Akiwa macho mwili wake hautulii: bega linaruka, mkono unafuata, mguu unapiga teke. Godoro nimelishusha sakafuni, na pembe za meza nimezifunga vipande vya blanketi. Chai namnywesha kwa kijiko, tena nzito kama uji, maana nyepesi inampalia. Maneno yamebaki machache. Juzi nilikuwa namlisha polepole mno, akakaza shingo mpaka likatoka: "Mgonjwa nani hapa?" Nilicheka hadi kijiko kikaniponyoka, naye akacheka, ikawa kazi ya kufuta midomo miwili.

Vioo vyote nimeviondoa ukutani. Aliomba mwenyewe, hataki kujiona akirukaruka. Kwa hiyo mke wa fundi vioo sasa anachana nywele mbele ya dirisha.

Tulikwambia aliacha kazi kwa sababu ya macho. Si kweli. Nimetazama shajara yangu: ilikuwa tarehe 9 Machi, mwaka juzi, alipoangusha kioo cha kabati mlangoni mwa mteja. Yule mteja hakuuliza kama ameumia. Alimsogelea akamnusa mdomo, kisha akamuuliza mbele ya watu fundi leo umepiga ngapi. Unamjua kaka yako, hata harufu ya pombe humkimbiza. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akaniambia jambo moja tu: "Walimnusa mama hivihivi."

Hapo ndipo nilipoyaunganisha yake na yale uliyonisimulia wewe siku tuliyokuwa tunakunja nguo. Kwamba mama mkwe alikuwa akitembea anayumba, sufuria zinamponyoka, hasira zinampanda bila sababu. Kwamba baba mkwe alipekua nyumba nzima akitafuta chupa, akainua hadi magodoro, na alipokosa akasema basi ni fundi wa kuficha. Wewe kitinda mimba ukawa unatumwa kunusa kikombe chake kabla hakijaoshwa. Ulimwambia baba unasikia harufu ya chai tu, naye akasema umeshafundishwa uongo. Mama akarudishwa kwao, akafia huko na jina la mlevi.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimpima kaka yako damu. Akatueleza taratibu kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na kwamba unatembea kwenye damu ya ukoo. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake anaweza kuurithi au kuukosa, nafasi ni sawa kwa sawa. Kisha akauliza kati ya wazazi wa mgonjwa ni nani aliyekuwa akiyumba. Kaka yako aliangalia ukuta. Mimi ndiye niliyejibu.

Tulipotoka aliniapisha nisikwambie. Alisema nikuache uishi bila kukagua vidole vyako kila asubuhi. Nikaapa. Nimekaa na kiapo hicho huku nikiwatazama wanangu wawili wanavyofunga kamba za viatu, kwa hiyo najua alichokuwa anakuepusha nacho.

Lakini mwezi uliopita ulinipigia ukicheka. Ukasema umelikwangua basi la shule kwenye geti, kwamba mguu wako siku hizi hausikii amri, na kwamba yule mama anayewashusha watoto amekutania eti dereva leo umeamka na pombe za jana. Wewe ulicheka. Mimi nilikaa chini.

Wifi, sisemi kwamba unao. Mguu unaweza kuwa uchovu, na geti linaweza kuwa jembamba. Lakini nyuma yako wanakaa watoto wa watu. Kujua au kutojua ni uamuzi wako, hata daktari alisema halazimishwi mtu. Ninachokuomba ni usishike usukani mpaka umwone daktari. Ukitaka mtu wa kukaa naye kwenye benchi, nitakuja. Jirani amekubali kumwangalia kaka yako.

Asubuhi nilimwambia kwamba leo navunja kiapo. Alitikisa kichwa. Ila kichwa chake siku hizi hutikisika chenyewe, sikujua kama amekubali, amekataa, au ni ugonjwa tu. Nilimshika mashavu nimtulize nisome macho. Yalikuwa na machozi, nayo hayakunipa jibu. Nikachukua kalamu.

Nikasirikie ukipenda, wifi mchawi ameshazoea. Msalimie sana shemeji, na watoto wabusu kwa niaba ya mjomba wao. Nami nisiweke sahihi kabla ya kukwambia hili, maana hakuna aliyewahi kukwambia: ulinusa sawasawa. Ilikuwa chai.

Ni mimi wifi yako,
Mke wa Fundi Vioo