Mabehewa ya Nagoya na Kipimo cha Paa

Nyumbani kwa Fundi Asuman,
Nyuma ya msikiti, Bugembe,
Jinja, Uganda.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Jamiru,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nagoya, mgongo umepona, na baridi haijaanza kukutafuna masikio. Huku sisi ni wazima. Mke wangu Twaibah anakusalimu sana na anauliza kama ni kweli unakula samaki mbichi. Nimemjibu kuwa ni kweli, na asishangae, maana utotoni ulikuwa unakula hata mchanga.

Kwanza pokea habari njema. Bahati yangu unaijua: mimi hata nikianguka kutoka juu ya paa, chini anapita mtu amebeba godoro. Sasa Chama cha Garimoshi la Zamani kimenichagua mwenyekiti. Kura zote, bwana! Hata Isabirye aliyekuwa akikikalia kiti hicho alisimama akanipigia makofi. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, leo walimu wastaafu wananiomba ruhusa ya kusema. Lakini mtu aliyefika Juba, Mombasa na Dubai si wa kukalishwa nyuma. (Dubai nilikaa siku mbili, ingawa moja iliishia ndani ya uwanja wa ndege.)

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ina haraka, na sauti yangu unaijua. Ungeshtuka kabla sijafika ninakokwenda.

Mabehewa yako mawili yapo, na bado ni mazuri. Viti vile vya mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva, feni ndogo za darini, na maandishi ya Kijapani juu ya mlango ambayo mimi huwatafsiria wageni, kila siku kwa maana mpya. Yamekaa juu ya magogo ya mkaratusi, kando ya reli. Hayajatembea hata hatua moja. Hilo unalijua. Usilolijua, au nadhani hulijui, ni namna lilivyosimuliwa huku.

Acha nirudi mwanzo, maana huenda karatasi hii ikasomwa na mwingine. Tulipopewa ruhusa ya kutumia kile kipande cha reli ya pembeni, ili watu wapande gari la zamani, na siku moja Mungu akipenda tufike hadi Mbale, wewe ndiye uliyetutafutia mabehewa. Ulisema njia moja ya kijijini huko imefungwa, na magari yake ya miaka ya sitini yanatafuta mtu wa kuyapenda. Kwetu ulitaka kitu kimoja tu, upana wa reli. Mkutano ukauliza nani atapima. Nikasimama kabla swali halijaisha.

Nilikwenda na tepu yangu ya chuma pamoja na mzee Shafik, yule aliyetandika mataruma ya reli hii miaka thelathini. Mzee akaniambia, "Fundi, usijisumbue kuchuchumaa. Hii inaitwa reli ya mita. Ni mita moja." Nikamjibu, "Mzee, hilo ni jina tu. Hata kilo ya sukari ya dukani inaitwa kilo." Watu wakacheka. Na mimi, ndugu yangu, watu wakishacheka sirudi nyuma tena.

Nikapima kama ninavyopima siku zote. Sisi mafundi wa paa tunapanga kenchi kwa kupima katikati ya mbao hadi katikati ya mbao. Ukipima vingine, misumari ya mabati haipati pa kushika. Basi mkono ukaenda wenyewe, katikati ya chuma hiki hadi katikati ya chuma kile. Mita moja na sentimita sita na ushei. Kumbe reli hupimwa ndani kwa ndani, pale gurudumu linapopitisha ubavu wake. Hilo hata mama anayeuza mihogo stesheni alilijua.

Ukanipigia ukauliza, "Una hakika? Mimi nasoma kwamba ya Uganda ni mita kamili." Nikakuambia wanaoandika hupimia mezani, mimi nimepima kwa magoti. Ukasema kama ni hivyo, inakaribiana kabisa na ya huko kwenu. Ukaniamini. Ukawazungukia wazee wa Kijapani wenye magari hayo ukiwainamia mmoja mmoja, jina lako likawa ndiyo dhamana.

Mwezi wa tano, siku kreni ilipoyashusha, nusu ya Jinja ilikuwa pale na shela kichwani. Gurudumu la kushoto likaketi mahali pake kama bibi harusi. La kulia likapanda juu ya chuma, likasimama kwa ukingo wake. Tukasukuma kidogo tu. Likateleza, behewa zima likainama, mataruma yakalia. Mwendesha boda mmoja akapaza sauti: "Mzee Asuman, gari lako limevaa viatu vya kaka yake!"

Isabirye akanigeukia mbele ya watu wote. "Ulimtumia kipimo gani?"

Na mimi, Jamiru, nikasema, "Mita moja kamili. Sijui yeye huko alinunua nini."

Ni maneno machache, lakini yamesafiri mbali kuliko garimoshi lolote tulilowahi kuliota. Yalipofika Mbale yalikuwa yameshaota mbawa: eti uliokota vyuma vya kutupwa, eti umeila michango waliyotoa watu ya kuyasafirisha. Hayo sikuyasema mimi. Ila sikuyakanusha pia. Nilikuwa natikisa kichwa tu, kama mtu mwenye huruma.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Mbale kwenye harusi ya Ramlah, binti wa jirani yenu. Unamjua mama yako, mama mdogo Sofia. Miaka ishirini hakuna sufuria ya pilau ya harusi yetu sisi Wanubi pale Mbale iliyopakuliwa kabla yeye hajashika mwiko. Safari hii nilimkuta amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pamoja na wageni. Walimletea soda. Alipoinuka kwenda jikoni, mwanamke mmoja akamwambia kwa sauti tamu kabisa, "Mama Jamiru, leo wewe pumzika tu. Wewe ni mgeni wetu." Akarudi akakaa. Soda akaishika hivyohivyo mpaka watu wakaanza kuondoka, hakuifungua. Mimi nilikuwa kwenye sahani ya pili.

Yule mama alituchukua wote wawili kifuani mwake, mama yangu alipofariki. Tumenyonya ziwa moja. Sahani ile sikuimaliza, na wewe unanijua, jambo hilo halijawahi kutokea.

Nisamehe, ndugu yangu. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo. Labda wanalifundisha darasa la saba. Keshokutwa Ijumaa kuna mkutano. Nitasimama niseme. Barua hii haiendi posta kabla sijasema, kwa sababu najijua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimesema.

Mikutano siku hizi tunaifanyia ndani ya behewa lako, maana viti vyake ni bora kuliko vya ofisi yoyote hapa Jinja, ingawa sakafu imelala upande na kalamu zinabingirika. Nikasimama nikasema kipimo kilikuwa changu na uongo ulikuwa wangu, na Jamiru aliuliza kama nina hakika nami nikamcheka. Mzee Shafik akaniangalia.

"Ulipima katikati?"

"Ndiyo, mzee."

"Kama paa?"

"Kama paa."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akatazama nje ya dirisha. Isabirye yeye hakucheka kabisa. Alisema, "Miezi mitano, Asuman," basi. Nikaomba waandike katika kitabu cha mkutano kwamba wewe huna kosa. Wakaandika, nikatia sahihi. Nakala imo ndani ya bahasha hii. Itunze.

Leo asubuhi nikapanda gari la kwanza kuja Mbale, na sasa naandikia hapa barazani kwa mama Sofia. Nilimkuta anachoma gurusa, mikate yetu ile ya kikaangoni. Hakuuliza nimefuata nini, aliuliza kama nimekula. Akanikalisha, akaniwekea gurusa na mchuzi wa bamia. Nikamwambia yote nikiwa na chakula mdomoni, kwa kuwa nilihisi nikishameza tu nitanyamaza.

Akasema, "Nilijua. Siku ileile behewa lilipoinama, Jamiru alinipigia akanisomea kipimo ulichompa."

Nikamuuliza, basi kwa nini kule harusini hukusema?

"Niseme nini? Nimsafishe mtoto wangu mmoja kwa kumchafua mwingine? Nilikuwa nakungoja wewe." Kisha akaniambia nimalize bamia, zisipoe.

Kumbe nawe ulijua, Jamiru. Miezi mitano, kila Ijumaa unaniletea salamu, unauliza mabehewa yamefunikwa vizuri mvua isiharibu mahameli, unauliza goti langu. Juu ya uongo wangu, hata neno moja. Mimi nilidhani umbali unanificha, kumbe mlinifunika nyinyi wawili, mmoja huko na mmoja hapa. Nimejaribu kuandika mzaha hapa mara tatu nikaufuta.

Ningependa kukuahidi kwamba wanawake wa hapa watamrudishia mama mwiko wake. Sijui. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba. Mama yake Ramlah alinisikiliza nikiwa nimesimama nje, yeye akiwa mlangoni, na hakunikaribisha ndani. Nyumba ya pili walinikaribisha, lakini walitaka hadithi ya boda na viatu vya kaka yake, si hii niliyokuja nayo. Bado nyumba kumi na moja. Nitazimaliza ndipo nirudi Jinja.

Mabehewa yako, mzee Shafik anasema huenda magurudumu yakasogezwa karibu kwenye ekseli zake, kama tukipata karakana yenye mashine ya nguvu. Huenda. Kwa fundi wa reli neno hilo ni refu sana. Usiwaambie wale wazee wa Kijapani kwamba magari yao yanatembea, na usiwaambie yamekufa. Waambie kuna mjinga mmoja anayafuta vumbi kila Jumapili.

Usiache kuja Desemba. Uje kwanza kwa mama, kisha kwangu ukitaka.

Mama anakusalimu, anasema vaa nguo nzito, usimwige Asuman. Twaibah anakusalimu. Mzee Shafik anakusalimu. Kasema nikuandikie kwamba yeye hakusadiki hata siku moja kuwa wewe ni mwizi, ila hakuna aliyemuuliza. Mola akulinde ugenini, akupe rafiki wa kweli kuliko nilivyokuwa mimi, na akurudishe kwenu uso wako ukiwa juu.

Ni mimi nduguyo wa ziwa moja, nikupendaye ingawa sikuonyesha,

Asuman

Tena: ile habari ya uenyekiti niliyokuandikia Jumatano ni uongo. Hakuna kura iliyopigwa. Mwenyekiti ni Isabirye, kama zamani, na jana wamenitoa kwenye kamati.